Mwamuzi wa Sataranji ni Kadhi Mdogo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wako vijana wetu wanaocheza sataranji, au chesi kama waiitavyo wenyewe, na Jumamosi na Jumapili wazee wao huwapeleka mashindanoni. Wazazi huuliza: je, mchezo huu ni halali? Ni suali zuri, na wanavyuoni walilijibu zamani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi ameuhesabu kuwa makuruhu maadamu hauna kamari, haupitishi Sala, wala hauleti maneno machafu; ukiingiwa na moja katika hayo huwa haramu. Abu Hanifa, Malik na Ahmad wao wameukataza. Mwenye kutaka salama ya dini yake anajua la kufanya.

Lakini liko suali la pili lisiloulizwa sana. Yule anayesimamia mashindano hayo, mwamuzi aliyepewa cheo na chama cha taifa, ana mamlaka gani juu ya watoto wetu? Maana mambo yale matatu, fedha, Sala na ulimi, funguo zake zimo mkononi mwake.

Shirikisho la mchezo huu duniani, FIDE, liliundwa Paris mwaka 1924, na sheria zake ndizo zifuatwazo na vyama vya mataifa. Sheria hizo zamtaka mwamuzi ahakikishe kanuni zinashikwa, mchezo unakwenda kwa haki, na mahali pa kuchezea pana utulivu. Tena katika utangulizi wake zakiri kwamba hazikuweza kutaja kila jambo litakalotokea. Basi zamchukulia mwamuzi kuwa ni mtu mwenye elimu, akili timamu na asiyeelemea upande, na zamwachia nafasi ya kutafuta haki mwenyewe pale zisipotaja kitu.

Aliyesoma chuoni hataona ugeni hapa. Hiyo ni hali ya kadhi anapokosa nassi. Nami nausifu unyenyekevu wa sheria inayokiri mpaka wake. Lakini mafakihi wetu hawakutosheka kumdhania kadhi mema. Walimzungushia masharti: asihukumu hali ana hasira, asipokee zawadi ya mdaawa, asimhukumie mwanawe wala babake, asikilize pande zote mbili. Sheria ya sataranji imeuchukulia uadilifu kuwa upo tayari. Kazi ya kuujenga imeachiwa chama na mtu mwenyewe. Hapo ndipo nina la kusema.

Tazama mashindano ya mwisho wa wiki yalivyo. Ni siku mbili, raundi tano au sita, kwa mfumo wa Uswisi uliotumika kwanza Zurich mwaka 1895: hakuna anayetolewa kwa kushindwa, bali kila raundi hukutanishwa wenye pointi sawa au zinazokaribiana. Katika mashindano makubwa waamuzi ni wengi, na mwenye kuandaa ni mtu mwingine. Katika haya madogo, mara nyingi mtu mmoja hupokea kiingilio, hupanga nani acheze na nani, huweka saa, huamua ugomvi, hupeleka matokeo yanayoingia katika daftari la dunia, kisha hugawa zawadi. Pengine ndiye mwalimu wa baadhi ya watoto wanaocheza. Huyo ni kadhi, karani na mshika hazina kwa pamoja. Simtuhumu kwa hayo. Nasema mzigo huo hautaki kubebwa kwa nia njema peke yake.

Tuanze na fedha. Kiingilio kikiwa ni cha kukodi ukumbi, kununua saa na mbao na kumlipa mwamuzi ujira wake, hayo ni malipo ya huduma. Lakini fedha ya wachezaji yenyewe ikigeuzwa kuwa zawadi ya mshindi, basi kila mmoja ametia chake, mmoja atoke nacho na wengine wakose. Hiyo ndiyo sura ya kamari waliyoieleza mafakihi, hata ikipewa jina zuri. Mwamuzi aweza kuitenga mifuko hii miwili na kuandika hesabu ikabandikwa ukutani. Zawadi na iwe kikombe na cheti, au itoke kwa mfadhili asiyecheza, na hapo mwenye shaka amwulize mwanachuoni wake.

La pili ni Sala. Tangu mwaka 2009 kanuni ya FIDE ni kwamba asiyekuwapo raundi inapoanza ameshindwa, illa kanuni za mashindano yenyewe ziwe zimempa muda. Na mchezaji ambaye zamu ni yake haruhusiwi kuondoka mahali pa mchezo bila ya idhini ya mwamuzi, na saa yake yaendelea kwenda. Basi mtoto aliyetoka kuswali Adhuhuri akarudi amechelewa dakika tano, amepoteza pointi nzima. Akiona hivyo mara mbili, mara ya tatu ataiacha Sala. Nani amemfundisha kuiacha? Si kanuni, kwa sababu kanuni imempa mwamuzi ruhusa ya kuandika muda wa kusubiri, nusu saa au zaidi, na saa za raundi hupangwa na wenyeji. Kwetu pwani Adhuhuri huingia baada ya saa sita mchana kidogo, na Alasiri baina ya saa tisa na saa kumi. Hayo yajulikana mwaka mzima. FIDE yenyewe imeweka kwamba mchezo wa kuhesabiwa viwango usizidi saa 12 kwa siku. Ikiwa kichwa cha mchezaji kimewekewa mpaka ili kipumzike, haki ya Mola wake ina nini hata isitengewe nafasi?

Na hapa yaingia simu. Sheria ni kali kwa mwenye simu, na ina sababu: mwezi wa Julai 2019, huko Strasbourg, bingwa mkubwa Igors Rausis alikamatwa akitumia simu msalani, na mwaka huo huo akavuliwa cheo. Kwa hiyo mtoto akiliwa na simu mfukoni, hata kama ilikuwa ni adhana, huhesabiwa ameshindwa, illa kanuni za mashindano ziwe zimeweka adhabu nyepesi. Haki hapa ni kuwatangazia watoto wote mapema, kwa ulimi wa upole, na kuwapa mahali pa kuziweka. Kumnyamazia mtoto kisha kumkaripia mbele ya watu si uamuzi.

La tatu ni mkubwa na mdogo. Mwezi wa Desemba 2024, New York, katika mashindano ya dunia ya mchezo wa haraka, Magnus Carlsen alivaa jinzi kinyume cha kanuni ya mavazi. Alitozwa faini ya dola 200, akaambiwa abadilishe, akakataa kubadilisha siku ile, na mwamuzi hakumpanga raundi ya tisa. Siku hiyo hiyo Ian Nepomniachtchi alitozwa faini kwa viatu vya michezo. Yeye akabadilisha akaendelea kucheza. Carlsen alijitoa, siku chache baadaye wakubwa wa FIDE wakailegeza kanuni, akarudi na jinzi yake. Suruali ile hainishughulishi. Lililonishughulisha ni kwamba waamuzi walisimama, na kulegea kukatoka juu, baada ya mkubwa kukataa. Sisi tunacho kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, Makureshi wakamtuma Usama bin Zayd amwombee. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu na kumwadhibu mnyonge.

Basi fikiri, ndugu msomaji: jambo hilo likiwezekana mbele ya macho ya dunia, itakuwaje katika ukumbi wa skuli Jumapili jioni, mtoto wa kiongozi wa chama anapobishana na mtoto wa mvuvi juu ya kete iliyoguswa? Sheria yampa mchezaji haki ya kukata rufaa dhidi ya mwamuzi. Lakini rufaa bila ya watu walioteuliwa kuisikiliza ni mlango uliochorwa ukutani.

Kwa hiyo nawausia wazazi: kabla ya kutoa kiingilio, muulizeni mwamuzi mambo manne, tena myaone yameandikwa. Zawadi yatoka wapi? Sala imetengewa saa ngapi? Akicheza mwanawe au mwanafunzi wake, nani ataamua? Na rufaa yasikilizwa na nani? Akijibu vyema, mshukuruni, kwani kazi yake ni ngumu na ujira wake ni mdogo. Akikasirika kwa kuulizwa, mrudisheni mtoto nyumbani. Hatapungukiwa na kitu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, aliyetuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu, awajaalie wanaohukumu baina ya watoto wetu, katika makubwa na madogo, kuogopa siku watakayohukumiwa wao. Amin.