Majina ya Mapambo ya Usemi

Hapa Lubumbashi watu wengi wajifunza Kiingereza. Si ajabu: reli iliyofika mjini mwaka 1910 ilitoka upande wa kusini, na hata leo malori ya shaba hupita Kasumbalesa kuingia Zambia, ambako Kiingereza ni lugha ya serikali. Lakini iko namna moja ya kufundisha isiyotupendeza. Mwanafunzi apewa orodha ya maneno makubwa, pamoja na majina ya mapambo ya usemi: sitiari, kejeli, takriri, chuku. Ayakariri kama kasuku, na watu husema ameendelea.

Kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa, maneno yale makubwa si mazito. Wanormandi waliishinda Uingereza mwaka 1066, na baadaye maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza, hasa ya mahakama na ya serikali. Mtego uko katika yale yanayofanana sura tu. “Eventually” ya Waingereza ni “mwishowe”. “Éventuellement” ya Wafaransa ni “labda”. Mfanyabiashara akiyachanganya katika barua, ahadi ya “labda” yageuka deni la kweli. Orodha haimwonyi.

Na yale mapambo? Tazameni hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari, katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutoa kwa Kiswahili mwaka 1963. Wauaji wamemruhusu kusema, kwa sharti asiwalaumu. Basi amsifu Brutus kuwa mtu wa heshima, kisha ataja wema wa Kaizari, kisha amsifu Brutus tena, na tena. Sifa ile ile yageuka tusi, hata watu wakimbilia kuchoma nyumba za wauaji. Mwanafunzi wa orodha ataandika “kejeli” pembeni mwa ukurasa na kupata alama zake, asiweze kueleza kwa nini Antony hakuanza na tusi lenyewe. Mama muuza unga sokoni angemweleza! Yeye akimwambia mteja bahili, “Asante, baba tajiri,” hakuna asiyeelewa.

Tungependa mwalimu asome hotuba mbili, kwanza ya Brutus, yenye sentensi zilizopangwa kwa mizani, kisha ya Antony, aulize: kwa nini watu walimshangilia wa kwanza, wakamfuata wa pili? Majina yaje nyuma.