Tumaini na Ardhi ya Gavana

Tukiichambua Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya Euphrase Kezilahabi, wanafunzi wengi tunakimbilia palepale: Tumaini ni bepari uchwara, Azimio la Arusha la 1967 limemkuta, shamba limetaifishwa, kamuua kiongozi wa serikali, naye kanyongwa. Mgogoro wa kitabaka, basi, alama zimepatikana. Mimi mtu wa Lingeka siridhiki. Shamba lile mwandishi kaliweka Shinyanga, na Bariadi yetu ilikuwa ndani ya mkoa huo mpaka Simiyu ilipoundwa mwaka 2012. Ugomvi huu ni wa nyumbani.

Je, nguvu ya dola ya kumwambia mkulima "toka" ilianza 1967? Hata kidogo. Sheria ya Ardhi ya 1923 ya Waingereza ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya gavana, eti kwa manufaa ya wenyeji. Marekebisho ya 1928 yakaitambua miliki ya kimila, lakini kama haki ya kukaa na kutumia tu. Maneno matamu hayo! Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, kupisha ranchi za walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kuwasemea. Alisikilizwa, ila azimio la kuwatetea likakosa theluthi mbili katika Baraza Kuu.

Usukumani walowezi walikuwa wachache. Pamba ililimwa na wakulima wadogo. Lakini sheria ilikuwa ileile, na hapo ndipo neno "kutumia" linaponikera. Msukuma ana ng'itili: malisho anayoyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Bwana wa ofisini akipita masika ataona pori lisilo na mwenyewe. Kumbe mwenyewe yupo, anangoja kiangazi. Uhuru ulipokuja, kiti cha gavana kikakaliwa na rais, na sheria ile ikaendelea hadi ilipofutwa na sheria za 1999, ambazo nazo zimemwachia rais udhamini wa ardhi yote.

Kwa hiyo wahakiki wanaoiona riwaya hii kuwa ni kesi ya Ujamaa peke yake wanaipunguza. Mkono unaomnyang'anya Tumaini ulifundishwa kazi na mkoloni. Lakini simtetei Tumaini, jamani. Wameru walichanga fedha, wakamtuma mtu wao, wakasimama pamoja. Tumaini ana bunduki tu. Wa kusimama naye angetoka wapi, wakati waliomzunguka ni vibarua wake? Upweke huo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote katika riwaya, kuliko hata falsafa ya fujo tunayoinukuu kila semina.

Tena kuna swali ambalo semina zetu hazijaligusa: kabla ya Tumaini kufika Shinyanga na kulima, kiangazi pale walilisha ng'ombe wa nani?