Kuipima Leso ya Kale

Leso ya kale hujulikana kwanza kwa mkono, kisha kwa jicho. Katika nyumba za Dabaso, Gede na Malindi, pwani ya Kenya, leso hufungwa na Waswahili na Wagiriama, shambani na arusini, na masanduku mengi bado yana doti, yaani jozi za leso, zilizonunuliwa na nyanya. Baadhi ya leso hizo ni imara kuliko nyingi zinazotundikwa madukani leo. Nyingine ni kuukuu tu. Umri peke yake hauipi nguo ubora.

Msingi ni kitambaa. Kabla ya leso za chapa kuenea, pwani hii ilivaa marikani, pamba nzito isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts, hadi vita vya Marekani vya 1861–1865 vilipokatiza biashara hiyo na nguo za Uingereza na India zikashika nafasi yake. Hando la wanawake wa Kigiriama, lenye marinda tabaka juu ya tabaka, hupimwa kwa kigezo kile kile cha leso: pamba yenyewe, si uzito wa dukani. Uzito huo hudanganya, kwa kuwa wanga hukifanya kitambaa chepesi kionekane kimeshiba. Leso mpya ikisuguliwa baina ya vidole na kutoa unga mweupe, wanga ni mwingi kuliko nyuzi, na ikifuliwa mara ya kwanza italegea. Leso ya kale imekwisha kuvuka mtihani huo. Ikiinuliwa kuelekea jua, nyuzi zake zionekane zimekaribiana na kulingana pande zote, pasipo mapengo wala mafundo mengi. Anayeshuku mchanganyiko wa plastiki achomoe uzi mmoja ukingoni auchome: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu cheusi.

Baada ya kitambaa ni chapa, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kukawia. Leso ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, chini ya mji. Kila rangi hupigwa peke yake, hivyo kila moja lazima iangukie mahali pake. Chapa mbovu huacha mstari mweupe kati ya ua na kivuli chake, au rangi mbili hupandana na kuzaa ya tatu isiyotakiwa. Pindo lililopigwa vizuri lina upana ule ule pande zinazotazamana, na pembe zake hukutana bila kukatwa maua nusu. Igeuzwe pia nyuma: katika leso nzuri rangi imepenya nyuzi, na mchoro husomeka upande wa pili. Leso ambayo nyuma yake ni nyeupe imepakwa tu, na rangi hiyo haitakaa.

Jina husaidia kukadiria umri. Leso nyingi za mwanzo wa karne ya 20 ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kirumi zilishika nafasi baadaye. Kisutu, leso ya arusi ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, mara nyingi haina jina kabisa, na kukosa huko si kasoro. Maandishi madogo ya ukingoni nayo yatazamwe. Maneno “Mali ya Abdulla” ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, duka la Mombasa lililoanza 1887. Leso zilizovaliwa pwani zilipigwa chapa India, Uingereza, Japani, na Uholanzi katika kiwanda cha P.F. van Vlissingen mjini Helmond. Baada ya uhuru zikaja za viwanda vya Afrika Mashariki, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa 1968. Alama hueleza nguo ilikotoka. Ubora bado unatafutwa kwenye nyuzi na chapa.

Rangi hujaribiwa kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa na kusuguliwa pembeni. Leso iliyofuliwa miaka mingi haipaswi kuchuja tena. Kufifia kwa usawa ni uzuri wake, kwani wekundu hutulia na pamba hulainika; kufifia kwa mistari huonyesha kwamba ilianikwa juani ikiwa imekunjwa.

Uchakavu nao una daraja. Ukingo uliofumuka hushonwa upya kwa saa moja. Tundu ndani ya mji ni hasara kubwa, na mkunjo uliooza ni mbaya zaidi, maana ukivutwa kidogo hupasuka wote. Karibu na Hori ya Mida hewa ya chumvi na unyevu huleta ukungu na madoa ya kutu kutoka misumari ya sanduku. Doa la kutu halitoki kwa sabuni, na polepole hula nyuzi. Kwa hiyo leso ihifadhiwe imekauka kabisa, ifungwe katika kitambaa cheupe, ikunjuliwe na kukunjwa mahali pengine kila baada ya miezi michache. Kuifukiza udi huipa harufu nzuri, lakini hakuzuii ukungu.

Doti kamili, vipande viwili vya mchoro na jina moja, ina thamani zaidi ya leso mbili zisizofanana. Wenye doti za kale wasikubali zikatwe kushonwa mito na mikoba ya kuuzia watalii: mji ukishatenganishwa na pindo lake, hakuna fundi wa kuurudisha.