Moshi Mweusi Mno

Mhariri alinipa hadithi saba, akaniambia nichague mbili, halafu nieleze kwa nini nimezikataa zile nyingine. Nafasi ya tatu alitaka kuiweka sura ya kwanza ya riwaya yangu. Zote zinahusu migodi na matanuri ya kuyeyushia madini. Nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye matatu ya Changamwe, kelele na yote. Niseme mapema kwamba mimi si mhakiki wa chuo kikuu. Nimeishia kidato cha nne, nina madaftari manne ya riwaya isiyokwisha, na makosa nitakayoyataja hapa mengi nimeyafanya mwenyewe.

Hadithi tano kati ya saba zinaanza na moshi mweusi. Unatanda angani, unameza jua, unafunika mtaa kama sanda. Sawa, tumeuona. Lakini hebu tuulizane, nani kati yetu amesimama karibu na chungu cha risasi iliyoyeyuka? Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la makaa likipulizwa vizuri linatosha. Moto ukizidi, kinachotoka ni mvuke ambao ukipoa unakuwa vumbi laini kiasi kwamba huwezi kuliona likiruka. Hilo linatua juu ya bati, mvua ikinyesha linaingia kwenye pipa la maji. Linatua kwenye nguo zilizoanikwa. Linarudi nyumbani na baba, kwenye suruali ya kazi, na mtoto anamkimbilia kumkumbatia. Mwandishi anayeitia sumu yote ndani ya moshi mweusi amewarahisishia wahusika wake kazi: wafunge dirisha, basi.

Halafu kuna mchezo wa neno. Hadithi nne zimegundua, kwa furaha kubwa, kwamba risasi ya tanuri na risasi ya bunduki ni neno moja. Mimi pia niligundua hivyo, nikapiga mstari chini ya sentensi yangu. Tatizo ni kwamba wote tumelifuata neno upande wa bunduki. Mhusika anaivuta hewa ukurasa wa kwanza, anakohoa wa pili, wa tatu tunamzika. Hii nyingine haifanyi haraka hivyo. Mwili unaidhania kuwa madini ya chokaa, unaipeleka mifupani, na huko inakaa miaka na miaka. Mwanamke akishika mimba, inatoka tena mifupani mwake na kumfikia mtoto aliye tumboni. Yaani mtu anaweza kuhama mtaa, akaolewa mbali, akasahau hata jina la kiwanda, na bado akawa amekibeba. Jamani, hiyo ni riwaya nzima imelala pale, na sisi tumeandika kikohozi!

Aliyeiona ni dada mmoja wa Likoni, na hadithi yake ndiyo ya kwanza niliyoichagua. Ndani yake hakuna neno sumu. Kuna msichana anayerudia darasa la tatu. Jana alikijua kirai, leo hakijui. Tumbo linamuuma, hataki kula, mwalimu anamwita mzembe na mama anaanza kuamini. Ukurasa mzima unatumika kwa mama na mtoto wakihesabu vifuniko vya soda mezani, na mtoto anafika kumi na mbili, anarudi tisa. Nilipousoma niliteremka kituo kisicho changu. Vumbi hilo huwadhuru zaidi watoto, kwa sababu miili yao huifyonza risasi kuliko ya watu wazima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dada huyu hakutuhubiria lolote kati ya hayo. Ila mwisho wake ni wa ndoto, mtoto anaamka na kumbe yote yalikuwa usingizi, na nimemwomba aukate.

Ya pili inatoka Migori. Kakangu huyu anaijua kazi: mawe yanavyosagwa, zebaki inavyoshikana na dhahabu ikawa donge, donge linavyochomwa mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Yeye ameuweka jikoni, juu ya jiko lile lile lililopikiwa sukuma, na hajasema neno. Nimeipitisha bila kugusa nukta.

Sasa tuje kwa adui. Katika hadithi zetu adui ana kitambi, ana suti, ana sigara nene, na anacheka peke yake ofisini. Hadithi moja inampeleka mpaka Kabwe, kule Zambia, bila mwandishi wake kujua kwamba mgodi wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994. Mwenye sigara aliondoka zamani, na watoto wa pale bado wana risasi kwenye damu kwa sababu mabaki yameachwa wazi yakipeperuka. (Mwaka 1921 mgodi huo ulitoa fuvu la binadamu wa kale, likapelekwa London. Risasi iliyobaki kwenye mabaki haikupelekwa kokote.)

Na kwa nini twende mbali? Owino Uhuru iko hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza mwaka 2007, kikafungwa 2014. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, mwanawe akaugua na mwanzoni wakadhani ni maradhi ya kawaida, mpaka damu ikapimwa. Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia ile, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Na lawama haikubebeshwa wenye kiwanda peke yao, mamlaka ya mazingira ya serikali nayo ilipewa fungu lake. Umeona? Adui wa kweli ana faili. Ana muhuri, na huenda ni mpole na anakukaribisha kiti. Mwandikeni huyo.

Nimebakiwa na sura yangu. Ina moshi mweusi, ina kitambi. Niliisoma mbele ya kikundi chetu mwezi uliopita wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekuja kumchukua bintiye alingoja watu watoke, akaniambia, "Mwanangu, umeandika vizuri, lakini hukukaa huko." Nikamjibu, "Mama, huu ni ubunifu." Akatabasamu tu.

Alikosea kidogo. Nimekaa huko, ila sikuandika. Mjomba alikuwa akiwatengenezea wavuvi chubwi za mishipi. Anavunja betri za gari, anatoa zile sahani za ndani, anaziyeyusha kwenye sufuria nyuma ya nyumba na kumimina kwenye mashimo ya mchanga mbichi. Mimi nilikuwa mpuliza moto, na nilipenda ule wakati uso wa sufuria unapong'aa kama kioo. Shule nilikuwa wa mwisho kwenye hesabu. Sidai kwamba ndiyo sababu, hakuna aliyenipima. Ila katika sura nzima nimemtafuta mwenye suti, na mjomba, ambaye ndiye aliyenilipia karo kwa chubwi zile zile, nimemfuta.

Kwa hiyo nimemwambia mhariri aiache nafasi ya tatu wazi. Jumapili nilikwenda kwetu kumuuliza.

"Mjomba, zile takataka za juu ya sufuria ulikuwa ukizitupa wapi?"

"Pale chini ya mkwaju. Kwani?"

Watoto wa jirani walikuwa pale, wanacheza gololi.