Walinzi wa Kilima: Askari Wadogo katika Utenzi wa Vita vya Uhud

Msomaji wa tenzi zetu za vita amezoea kuona ushindi na ushinde vikitoka mikononi mwa watu wenye majina. Shujaa hutoka mbele ya safu, hutaja nasaba yake, humwita mpinzani, na upanga huamua. Utenzi wa Vita vya Uhud, uliokusanywa na Haji Chum wa Unguja, na kuchapishwa mwaka 1962 chini ya uhariri wa H. E. Lambert, ni wa jadi hiyo hiyo. Lakini kisa chenyewe chaipinga jadi hiyo, na hapo ndipo penye thamani yake.

Na tukumbuke mambo yalivyokuwa mwaka wa 3 wa Hijra, yaani 625. Waislamu walikuwa kama 700, na Makureshi kama 3,000. Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, amiri wao Abdallah bin Jubeir, akawaamuru wasibanduke, jeshi lishinde au lishindwe. Makureshi walipoanza kukimbia, wengi wa walinzi hao waliteremka kuwahi ngawira, wakasalia kama kumi tu. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa upande wa Makureshi, aliliona pengo, akazunguka na wapanda farasi, akawaua waliosalia, na ushindi ukageuka. Waislamu kama 70 waliuawa. Hata Hamza, simba wa siku ile, hakuuawa na shujaa mwenziwe, bali na Wahshi, mtumwa aliyeahidiwa uhuru wake.

Twajifunza nini? Walinzi wale hawakuwa waoga, wala hawakuwa hodari kupita wenzao waliokuwa bondeni. Uwezo wao ulitokana na mahali walipowekwa. Askari mdogo akiwa mahali panapofunga mlango wa adui, mguu wake mmoja una uzito kuliko upanga wa amiri.

Sasa tutazame lugha. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Jina la Khalidi bini Walidi, likitamkwa Kiswahili, lina mizani nane kamili: linajaza kipande kizima bila kupungua wala kuzidi. Majina ya watu hamsini hayana nafasi hiyo. Basi mtunzi wa bahari hii hana budi kuwakusanya katika kiambishi kimoja, wa-, nacho huwafunika wote: waliofuata tamaa na waliokufa wakitii. Hao kumi waliobaki na amiri wao ndio wanaoonewa zaidi na sarufi hiyo, kwani aibu ya wengi huwaangukia, na utii wao haukumbukwi.

Wala tusidhani kwamba utii peke yake hushinda vita. Hapa hapa Mji Mkongwe, tarehe 27 Agosti 1896, waliolinda jumba la Sultani kwa ajili ya Seyyid Khalid bin Barghash walipigwa na manowari za Kiingereza tangu saa tatu asubuhi. Kwa muda usiozidi saa moja mambo yalikwisha, na watu kama 500 wa upande wao waliuawa au kujeruhiwa. Mizinga ilikuwa baharini. Hapakuwa na kilima ambacho mlinzi angeweza kukishika ili kuizuia. Seyyid Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, na jina lake limo katika kila kitabu. Waliouawa jumbani wamebaki kuwa hesabu tu.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha utenzi huu asitosheke kuwauliza wanafunzi shujaa ni nani. Awaulize pia nani alikuwa lindoni, nani aliondoka, nani alibaki, na kila kiambishi wa- kimewaficha watu gani. Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo atakuwa amesoma utenzi, na atakuwa amejifunza kusoma historia ya nchi yake pia.