Uhakiki wa Viashiria vya Tishu katika Upangaji wa Hatua za Saratani ya Utando wa Mji wa Mimba

Mwaka 2023, Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Magonjwa ya Wanawake na Uzazi (FIGO) liliingiza viashiria vya tishu katika upangaji wa hatua za saratani ya utando wa mji wa mimba. Uamuzi huo una mashiko, kwani viashiria hivyo huongeza uwezo wa kubashiri mwenendo wa ugonjwa. Hata hivyo, una kasoro ya kimantiki. Tuchukue uvimbe wa daraja la 3 uliopenya misuli ya mji wa mimba bila kutoka nje yake. Usipopimwa jeni, huwekwa hatua ya IIC. Ukipimwa na kukutwa na badiliko la jeni ya POLE, huwekwa hatua ya IA. Ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni maabara. Kwa mwanamke wa Mshangano, Songea, tofauti hiyo yaweza kumaanisha safari ya kufuata tiba ya mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo pengine hakuihitaji. Kwa hiyo, tafiti zinazolinganisha matokeo ya tiba baina ya nchi hazina budi kuwatenganisha waliopimwa na wasiopimwa. La sivyo, zitapima uwezo wa maabara na kuuita ukali wa ugonjwa.