Nebula mbovu ya Draper na Mwezi mzuri wa simu

Hebu itafute mtandaoni picha ya kwanza kabisa ya Nebula ya Orioni. Aliipiga Mmarekani Henry Draper tarehe 30 Septemba 1880. Kama umezoea picha za Hubble, utaguna. Nyota zimevimba kama matone ya maziwa, katikati kuna ukungu mweupe, na yale mabawa mapana ya gesi hayaonekani kabisa.

Draper alisomea udaktari. Anga alilifuatilia kwa mapenzi yake mwenyewe. Alitumia darubini ya lenzi ya inchi 11 na kibao cha kioo kilichopakwa kemikali. Kibao kilikaa wazi dakika 51, huku mtambo wa saa ukiizungusha darubini ili ifuate nyota. Machi 1882 alirudia kwa dakika 137, akapata picha bora zaidi.

Kama mapambo ya ukutani, ile ya 1880 ni dhaifu, na umri wake hauibadilishi. Ila ina sifa moja kubwa: kila doa lililomo limeachwa na mwanga uliopita kwenye lenzi ile, usiku ule. Hata ubovu wake unakuonyesha chombo kiliishia wapi.

Sasa linganisha na Mwezi wa simu. Machi 2023, mtumiaji mmoja wa intaneti aliififisha makusudi picha ya Mwezi hadi kreta zikapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akaipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikatoa Mwezi wenye kreta! Kampuni ilieleza kwamba akili mnemba ya kamera huutambua Mwezi na kuuongezea undani. Picha inapendeza, sikatai. Lakini kreta zile hazikutoka mbele ya lenzi.

Utaniuliza: mbona na sisi tunarundika picha kwa programu kama Siril au DeepSkyStacker? Swali zuri. Kurundika ni kutafuta wastani wa ulichonasa mwenyewe. Fremu 100 hupunguza chenga hadi moja ya kumi ya zilizokuwa kwenye fremu moja. Kile ambacho fremu zako hazikukinasa hata kidogo, wastani hauwezi kukileta.

Kwa hiyo usisubiri hela ya darubini. Ukiwa Dar au Nairobi, katikati ya Januari, kama saa nne usiku, Orioni iko karibu na utosi. Ugumu ni kwamba anga linazunguka nyuzi 15 kila saa, na Orioni, kwa kuwa iko karibu na ikweta ya anga, inapata mwendo huo wote. Kamera yenye lenzi ya milimita 50, ikiwa juu ya stendi bila mtambo wa kufuata nyota, ipe sekunde mbili tu kwa fremu. Zaidi ya hapo nyota zinaanza kuwa vistari. Piga fremu 100, kisha zirundike.

Utapata kiwingu kidogo chini ya zile nyota tatu zilizopangana. Kitakuwa na chenga, na hakitafanana na cha Hubble. Usikirembe kwa undani wa kuazima. Andika chini yake lenzi, sekunde na idadi ya fremu, ili atakayeitazama ajue umefika wapi na kwa chombo gani.